Je, foleni ya vipimo hospitalini bado ni deni la korona?

Mwalimu wa Kibaigwa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali ambalo nimekaa nalo tangu wiki iliyopita, nami naomba wenye ujuzi wa hospitali au wa takwimu wanisaidie kulielewa, kwa sababu jibu nililopewa dirishani halikuniridhisha.

Mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 61, amekuwa akisumbuliwa na tumbo na kiungulia tangu mwishoni mwa mwaka jana. Tulianza katika kituo cha afya, akatumia dawa za vidonda vya tumbo kwa majuma sita bila nafuu ya maana, ndipo tukaandikiwa rufaa, ngazi kwa ngazi, hadi tukafika katika hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja jina kwa kuwa sikusudii kumchongea mtu. Daktari alimsikiliza kwa utulivu, akaandika kwamba afanyiwe endoskopia, yaani kile kipimo cha kupitisha mpira wenye kamera mdomoni ili kutazama koo la chakula na tumbo. Tulipokwenda kupangiwa tarehe, tuliambiwa turudi baada ya miezi mitatu na siku kadhaa. Nilipouliza sababu, mhudumu alinijibu kwa upole kwamba tangu korona wamebaki nyuma na wagonjwa ni wengi.

Hapo ndipo nilipokwama. Sisi Tanzania mwaka 2020 hatukufunga nchi. Shule zilifungwa katikati ya Machi na zote zikawa zimefunguliwa ilipofika tarehe 29 Juni, ndege za abiria za kimataifa zilisimama kwa takriban majuma matano kati ya Aprili na Mei, lakini mabasi yalitembea, ofisi zilifanya kazi, na soko letu la mahindi liliendelea kupokea malori kama kawaida. Nchi kama Uingereza zilizosimamisha huduma kwa amri, naelewa kwamba zilijitengenezea mrundikano. Wa kwetu ulitoka wapi? Na hata kama ulikuwepo, kwa nini haujaisha, ilhali mwezi Mei mwaka huu wa 2023 Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena? Hiyo ni sababu au ni kisingizio?

Niongeze tu kwamba mama hana homa na anatembea vizuri. Siku hizi anapendelea uji kuliko ugali, anasema ugali unamkwama hata akiula kwa mlenda, ila uzee nao una mambo yake. Kwa hiyo sisemi kwamba ni dharura. Ninachotaka ni kuelewa.

Mpiga Picha wa Singida

Mwalimu, salaam. Nafanya kazi katika kitengo cha radiolojia, yaani cha kupiga picha za ndani ya mwili, kwa hiyo ninayosema nimeyaona upande wa ndani wa dirisha hilo ulilosimama mbele yake.

Kwanza tukubaliane kwamba huduma inaweza kupungua bila amri ya mtu yeyote. Chukua endoskopia yenyewe. Kipimo cha tumbo kikienda vizuri kinachukua dakika 10 hadi 15, na mtu akiangalia muda huo peke yake atajiuliza kwa nini hospitali haipimi watu 30 kwa siku. Lakini mpira ule ukitoka kwa mgonjwa mmoja hauwezi kuingia kwa mwingine mpaka usafishwe kwa mkono, upigwe brashi ndani, ulowekwe katika dawa ya kuua vimelea, usuuzwe na kukaushwa, kazi ambayo huchukua zaidi ya nusu saa. Hospitali yenye mipira miwili inakwenda kwa kasi ya mipira miwili, hata kama madaktari ni kumi.

Sasa ilipokuja korona, kipimo hiki kiliingizwa katika kundi la vipimo vinavyorusha matone hewani, kwa sababu mgonjwa hukohoa na kutapika usoni mwa anayempima. Miongozo ikataka chumba kiachwe kwanza hewa ibadilike kabla mwingine hajaingia. Chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara 6 kwa saa kinahitaji dakika 46 ili asilimia 99 ya chembe zilizobaki hewani ziondoke. Kikiweza kubadilisha mara 12 kwa saa, muda huo hushuka hadi dakika 23. Hizo ni hesabu za vyumba vyenye mitambo ya hewa. Sisi wenye dirisha na feni tulifungua dirisha, tukasubiri, tukaangaliana. Ongeza muda wa kuvaa na kuvua vazi la kujikinga, ongeza siku ambazo wahudumu wawili kati ya wanne wako nyumbani wanakohoa, utaona jinsi orodha ya watu wanane ilivyogeuka kuwa ya watu watatu bila waziri kusema lolote.

Katika picha ilikuwa hivyohivyo. Eksirei ya kifua iliongezeka, kwa sababu kila mwenye "changamoto ya upumuaji" aliletwa kwetu, lakini vipimo vya kupangiwa tarehe vilipungua. Upande wa moyo kuna utafiti mkubwa uliofanywa chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki katika vituo 909 vya nchi 108: vikilinganishwa na Machi 2019, vipimo vya moyo vilipungua kwa asilimia 42 Machi 2020 na kwa asilimia 64 Aprili 2020, na pengo lilikuwa kubwa zaidi katika nchi zenye kipato kidogo. Kwa hiyo kutokufunga nchi hakukutosha kuilinda hospitali.

Halafu lipo jambo la vifaa, ambalo wagonjwa hawalioni. Mwaka 2022, wakati wengi walikuwa wameshasahau barakoa, jiji la Shanghai lilifungwa na kiwanda kimojawapo kikubwa cha dawa inayochomwa mshipani kabla ya CT scan, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, kikasimama, na hospitali katika nchi nyingi zikaanza kuipima dawa hiyo kama mafuta ya taa. Aliye mbali na kiwanda huumia hata pale mtaani kwake kukiwa shwari.

Mzee wa Ilazo

Mpiga Picha, nakuheshimu kwa maelezo, lakini mimi nimestaafu utumishi wa umma baada ya miaka 34 na najua jinsi ofisi inavyopenda sababu isiyo na mwenyewe. Korona ni sababu nzuri mno: haiwezi kuitwa kujieleza.

Nitazame idadi ya watu tu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dodoma na watu 2,083,588. Sensa ya mwaka jana imeukuta na watu 3,085,625. Ni ongezeko la watu milioni moja katika miaka kumi, na humo ndani kuna Serikali nzima iliyohamia hapa pamoja na bima zake. Mtumishi mwenye kadi ya bima akiumwa kichwa haendi kwa mganga wa mizizi, anaomba kipimo. Hospitali zetu hizohizo zinapokea rufaa za Singida, Manyoni na Kondoa. Hata kama kirusi hicho kisingezaliwa kamwe, foleni ingekuwepo.

Pili, Oktoba 2021 ulizinduliwa hapahapa Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilikwenda kununua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo upande mmoja janga lilileta mashine ambazo tusingezipata kwa haraka kiasi hicho. Mtu anayesema korona imetuacha nyuma aseme pia ilichotuletea.

Mimi mwenyewe mwaka jana nilipigwa picha asubuhi na mapema, mashine mpya inang'aa, nikasubiri majibu siku tisa kwa kuwa daktari bingwa wa kuisoma alikuwa mmoja na alikuwa safarini. Mashine haijisomi. Hilo nalo ni korona?

Mpiga Picha wa Singida

Mzee, shikamoo. Hilo la daktari mmoja silipingi hata kidogo. Ukileta mashine nyingine ya kupiga picha bila kuongeza msomaji, umehamisha foleni kutoka kwenye benchi la nje kwenda kwenye meza ya daktari, ambako mgonjwa haioni. Kwenye vinyama vinavyokatwa kwa ajili ya uchunguzi ni vilevile: kukata ni dakika chache, majibu ya patholojia, yaani ya maabara inayovikagua, yanaweza kuchukua majuma.

Mhesabu wa Chimwaga

Nafundisha takwimu, nami naona wote wawili mna haki, ila swali la pili la Mwalimu halijajibiwa: kwa nini foleni haiishi ilhali kilichoileta kimeondoka?

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali inafanya vipimo 50 kwa wiki na inapokea maombi mapya 50 kwa wiki. Mambo yako sawa, hakuna anayesubiri muda wa maana. Kisha kwa wiki 12 uwezo wake unashuka hadi vipimo 20 kwa wiki, huku maombi yakiendelea kuwa 50. Kila wiki watu 30 wanabaki, na wiki 12 zikiisha wamebaki watu 360. Sasa janga linapita na hospitali inarudi kufanya vipimo vyake 50. Wengi hudhani kwamba hapo tatizo limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu maombi mapya bado ni 50, na wale 360 hawana nafasi hata moja ya kuingilia bila kumsukuma mtu mwingine nyuma. Kila mgonjwa mpya anajiunga mwishoni mwa mstari wa watu 360 na kusubiri zaidi ya wiki 7, mwaka huu, mwakani, na mwaka utakaofuata. Huko dirishani mhudumu anaposema "tangu korona," anasema kweli kabisa kihesabu, hata kama hajui ni kwa nini.

Ili kuimaliza, hospitali inapaswa kufanya zaidi ya ilivyokuwa ikifanya kabla ya janga. Ikiongeza vipimo 5 tu kwa wiki, itahitaji wiki 72. Na hapo ndipo hoja ya Mzee wa Ilazo inapoingia kwa nguvu: iwapo ongezeko la watu limepandisha maombi kutoka 50 hadi 55, basi nyongeza yote imeliwa na wageni, na wale 360 wako palepale. Ndiyo maana sioni faida ya kubishana kama ni korona au ni wingi wa watu. Korona ilichimba shimo, ongezeko la watu linazuia lisifukiwe.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisahau. Orodha haiendi kwa zamu tu. Wagonjwa wa haraka hupewa nafasi za mbele, na ni haki yao. Tuseme katika nafasi 50 za wiki, 10 ni za wenye hali ya hatari. Zinabaki 40 kwa wengine, na kusubiri kwao kunapanda kutoka wiki 7 hadi wiki 9. Kwa hiyo tarehe aliyopewa mama haielezi urefu wa foleni peke yake; inaeleza pia amewekwa katika kundi gani.

Uingereza, aliyoitaja Mwalimu, ni darasa zuri kwa sababu wao waliandika kila kitu. Katika England lengo lao ni kwamba chini ya asilimia 1 ya wagonjwa ndio wasubiri kipimo kwa zaidi ya wiki 6. Mei 2020 waliosubiri zaidi ya hapo walifika takriban asilimia 58. Machi mwaka huu, miaka mitatu baadaye, pamoja na fedha zao zote, bado walikuwa karibu mmoja kati ya wanne. Sasa sisi tushangae ya kwetu?

Njia ya bei nafuu ya kupunguza foleni, kwa maoni yangu, ni kuisafisha orodha yenyewe. Ndani yake wamo waliokwisha kupimwa katika hospitali ya binafsi, waliosafiri hadi Dar es Salaam, waliopona, na waliofariki. Majina yao yanashikilia tarehe, siku ikifika kiti kinakaa kitupu, na mpira uliosafishwa tangu alfajiri unaning'inia kabatini. Mtu mmoja mwenye simu na vocha anaweza kurudisha nafasi kadhaa kila wiki.

Nesi Mstaafu wa Mpwapwa

Mwanangu Mwalimu, nimesoma hesabu za wenzangu kwa makini na nitaongeza langu, lakini kwanza nikurudishe kwenye mstari wa mwisho wa swali lako, ule ulioupita haraka.

Umeandika kwamba ugali unamkwama mama yako mkubwa hata akiula kwa mlenda, na kwamba sasa anapendelea uji. Je, daktari aliambiwa hilo, au aliambiwa kiungulia tu? Mlenda ndio mboga inayotelezesha ugali kuliko zote tulizo nazo huku Ugogoni. Mtu wa miaka 61 ambaye ugali wa mlenda unamkwama, akahamia uji taratibu bila kulalamika, hatupaswi kusema ni uzee. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya koo la chakula huonekana kwa wingi, na dalili yake ya mwanzo mara nyingi ndiyo hiyo: chakula kigumu kwanza, kisha laini, mwisho hata maji. Sisemi kwamba anayo. Yapo mambo mengine yanayobana koo la chakula ambayo si saratani. Ninachosema ni kwamba kukwama kwa chakula kunambadilisha mgonjwa kundi, kutoka wale 40 wa Mhesabu kwenda wale 10.

Rudini kwa daktari aliyeandika kipimo, msiende dirishani. Mhudumu wa dirishani hana mamlaka ya kubadilisha kundi, naye anafuata kilichoandikwa kwenye fomu. Kama fomu inasema "maumivu ya tumbo na kiungulia," atakupa miezi mitatu na hatakuwa na kosa. Mwambieni daktari chakula gani kinakwama, tangu mwezi gani, kinakwama wapi, na kama amepungua uzito. Msiseme "amekonda kidogo". Mpimeni kabla ya kwenda, na mkiwa na kadi ya zamani yenye uzito wake, ibebeni. Aandike upya. Na mama akianza kushindwa kumeza mate au maji, akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, msingoje tarehe yoyote, nendeni idara ya dharura usiku huohuo.

Baada ya hayo, nikujibu swali lako la kwanza. Nilikuwa zamu katika hospitali ya wilaya mwaka 2020 na 2021. Mabenchi ya kliniki yalikuwa matupu. Hakuna aliyewafukuza watu, waliogopa. Walikuwa wanajifukiza nyumbani, na mwenye kikohozi alikificha kuliko alivyowahi kukificha, kwa sababu kukohoa ndani ya daladala kulikuwa sawa na kutangaza vita. Duniani kote watu waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na huwezi kuniambia kwamba ugonjwa ule ulipumzika mwaka mmoja. Huko Uingereza endoskopia ziliposhuka hadi asilimia 12 ya kawaida yao, saratani walizozigundua kila wiki zilipungua kwa asilimia 58. Zilikuwemo matumboni mwa watu, hazikuonekana tu.

Tofauti yetu na wao ni kwamba wa kwao waliandikwa. Mtu aliyeahirishiwa kipimo London alikuwa na namba, na siku moja alipigiwa simu. Wa kwetu hakuwahi kufika dirishani, kwa hiyo hayumo katika orodha ya mtu yeyote. Alikaa Chamwino au Chemba na uvimbe wake, akaja mwaka 2022 ukiwa mkubwa, na mgonjwa aliyechelewa anahitaji vipimo vitatu pale ambapo awali kingetosha kimoja: endoskopia, kinyama, kisha CT scan kuona umefika wapi. Ndio waliomjazia mama yako foleni. Mhesabu ameuhesabu mstari unaoonekana. Mimi huo mwingine nimeupokea mlangoni, mmoja mmoja, wengi wao wakiwa wamebebwa.

Mzee wa Ilazo

Nesi, kwa hilo naondoa nusu ya maneno yangu. Nusu ya daktari aliyekuwa safarini naibakiza.

Mwalimu wa Kibaigwa

Nawashukuru wote, na Nesi, shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu tuliondoka Kibaigwa alfajiri ya Jumatatu na tumerudi jana.

Ni kweli kwamba daktari hakuambiwa habari ya ugali. Mama alisema "tumbo" na mimi nikaitikia "na kiungulia," tukatoka. Safari hii nilikwenda na kadi yake ya kliniki ya shinikizo la damu ya Januari, ambayo ilionyesha kilo 64, na mzani wa hospitali ukaonyesha kilo 57. Daktari alinyamaza kidogo, akamuuliza mwenyewe ni chakula gani anachoweza kumeza, naye akajibu kwa aibu kwamba tangu Machi amekuwa akiutafuna ugali na kuutema pembeni ili wajukuu wasione. Mimi naishi naye nyumba moja na sikulijua hilo.

Fomu iliandikwa upya kwa maneno mengine na alama pembeni. Dirishani tulimkuta mhudumu yuleyule, akaisoma, akafungua daftari jingine, na tarehe ikatoka katika miezi mitatu ikawa Alhamisi ijayo saa moja asubuhi, akiwa hajala chochote tangu usiku wa manane. Nilimuuliza nafasi hiyo imetoka wapi. Akasema kuna mtu alipigiwa simu jana yake ili kukumbushwa, na aliyepokea akasema mwenye simu walishamzika mwezi wa nne.